Aliyejaza Ubeti wa Mfiwa

Jumanne asubuhi, upande wa Likuni katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watu walikuwa wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba ya jirani aliyefiwa na baba yake. Kwaya iliimba "Tunasindikiza" mpaka ilipofika pale inaponyamaza siku zote, ikanyamaza. Dereva mmoja wa kabaza, pikipiki za abiria, mgeni katika kanisa lile, akadhani waimbaji wamesahau maneno. Alikuwa na wimbo huohuo kwenye simu. Basi, kwa kutaka kusaidia, akasoma kwa sauti:

"Asukulu wangu, viatu vyako viko mlangoni. Nikivitoa, nani ataamini ulikuwa hapa?"

Mama Rosette akapiga ukelele uliowainua watu wote. Asukulu alikuwa mwanawe. Alimzika mwezi wa nne, na maneno yale aliyaimba mara moja tu, mlango umefungwa, maiti bado iko ndani.

Ndivyo kwaya ile ilivyofanya tangu ilipokuwa Fizi, kule Kongo. Wimbo wa kilio una beti zake, lakini ubeti wa mwisho hauna mtunzi. Mfiwa mwenyewe huutoa moyoni mbele ya maiti, na mashahidi wawili tu ndani ya nyumba. Ukishaimbwa umekwisha. Hauandikwi wala haurudiwi, hata kwa kunong'ona. Sasa huo wa Rosette ulikuwa kwenye simu ya mtu wa kabaza! Jamani, hata wizi una mipaka.

Mama Générose alikuwa hapo, beseni lake la maandazi ya msiba miguuni. Kule Uvira alikuwa mpelelezi wa polisi miaka mingi, na mdomo wake ulikuwa umemponza kwa wakubwa zaidi ya mara moja. Aliichukua ile simu mkononi mwa dereva bila kuomba. Programu iliitwa Nyimbo za Faraja, nayo ilitolewa na kampuni moja ya Lilongwe, mtaa wa Area 47.

"Ni Bora!" Byamungu, kiongozi wa kwaya, alikuwa amekwisha simama. "Njo yeye aliweka nyimbo zetu ndani ya mashine. Tulimuamini! Na tena aliandika mubaya, kila wimbo wa kilio ameacha nafasi ya mfiwa tupu, kama duka isiyo na bintu. Sasa ameenda kuuzisha. Mi sijuake hata kuwasha mashine, Mungu ni shahidi, lakini mwizi minamujua."

Bora alikuwa mwimbaji wa kwaya na mwalimu wa kompyuta katika chumba cha kanisa, binti wa watu waliokimbia Fizi. Alisimama katikati ya mikeka, watu wote wakimkodolea macho. Pasta Ezechiel hakumuuliza hata swali moja. Alisema Jumapili baada ya ibada Bora atatengwa na kanisa mbele ya watu, na chumba cha kompyuta kitatiwa kufuli.

"Pasta," Mama Générose akasema, "kule kwetu hata mwizi wa kuku alikuwa anaulizwa kwanza."

"Mama, hapa si polisi."

"Njo maana mi niko hapa."

Mchana ule alimkuta Bora peke yake katika chumba cha kompyuta, macho mekundu.

"Mama, mi sikuuzisha kitu."

"Sikukuuliza kama uliuzisha. Nionyeshe nyimbo zinakaa wapi."

Bora akabofya, ukurasa ukafunguka. Jina la wimbo juu, beti chini yake, kiitikio kwa maandishi ya mlalo. Ukurasa safi, usio na pengo popote. "Hii njo bantu banaona," akasema. "Lakini nyimbo zenyewe ziko ndani ya faili ingine. Angalia."

Akafungua faili lenyewe. Maandishi matupu, yasiyo na urembo:

<wimbo>
<jina>Tunasindikiza</jina>
<ubeti>Tunakusindikiza hadi mtoni</ubeti>
<ubeti_wa_mfiwa/>
</wimbo>

"Mungu wangu. Hii ni luga gani?"

"Inaitwa XML. Si programu, Mama. Ni namna ya kuandika habari ili maana yake isipotee. Kila kitu unakiweka kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga. Hii yenye mkwaju, huu mustari wa kuinama, njo ya kufunga. Mutu yeyote akifika hapa anajua: hili ni jina, huu ni ubeti."

"Na lebo zenyewe, nani anakupatia?"

"Hakuna. Unazipa majina mwenyewe. Ningekuwa naandika dawa ya hospitali ningeweka lebo ya dawa. Mashine haijali jina. Inajali kitu kimoja: ukifungua, ufunge, na ya ndani ifungwe kwanza, kisha ya nje."

"Kama kupanga masufuria, ndogo ndani ya kubwa."

"Njo hivyo."

"Sasa kwa nini haukuandika tu kama barua? Taabu yote hii ya nini?"

Bora akafuta pua, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikapata nguvu. "Juu mashine hii itakufa, Mama. Programu zitabadilika. Lakini haya ni maandishi tu. Mashine yoyote itasoma, na kama haiko mashine, mutu atasoma kwa macho yake. Tulikimbia Fizi bila karatasi hata moja. Nyimbo hizi haziwezi kukimbia tena bila karatasi, mi sitakubali!"

Mama Générose alipenda jibu hilo. Akaweka kidole kwenye kioo. "Na hii hapa? Inafungua, lakini mwenzake simuoni."

"Hiyo ni lebo tupu. Mkwaju uko mwishoni, inajifungua na kujifunga yenyewe. Ningeiacha kabisa, atakayekuja nyuma yangu angesema wimbo hauna ubeti wa mfiwa, au mi nilisahau. Ikikaa pale tupu inasema: nafasi iko, na imeachwa kwa kusudi. Nyimbo za kilio ziko tisa, na zote tisa ziko nayo."

"Ulimuambia nani?"

"Hata mutu. Nani angeniuliza? Kwa ukurasa lebo tupu haionekanake."

"Siku ya kilio ya Asukulu ulikuwa wapi?"

"Dowa, hospitali, na mutoto wa dada yangu. Hata maziko sikuyaona."

Rosette, alipofuatwa nyumbani kwake, alithibitisha kwamba Bora hakuwepo. Alikuwa amelala kitandani bila chakula. Ndani ya nyumba, alisema, walikuwa watatu: yeye, Havyarimana fundi seremala aliyetengeneza sanduku, na Byamungu aliyeanzisha wimbo. Yeye mwenyewe hakumwambia mtu yale maneno, hata dada yake Epiphanie.

"Mama Générose, banimaliza," akasema. "Kile kilikuwa changu na mutoto wangu."

Mama Générose alitoka pale akiwa amekasirika kiasi cha kusahau beseni lake. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa fupi. Aliyejaza nafasi ile aliusikia ubeti ndani ya nyumba, na tena alifika kwenye kompyuta ya kanisa. Huenda ni mtu mmoja, huenda ni wawili walioshirikiana, mmoja mwenye masikio na mwingine mwenye mikono.

Mwenye mikono alikuwa rahisi kumdhania. Robert ndiye aliyetunza chumba kile, betri na sola zake, na tangu Jumanne alikuwa akimkwepa kila mtu. Jumatano asubuhi Mama Générose alimkuta akijaribu kusukuma sanduku chini ya meza kwa mguu.

"Fungua."

"Mama, ni nyaya tu."

"Robert, mi nilifungua masanduku ya bantu benye bunduki. Fungua!"

Ndani zilikuwa simu za watu, zaidi ya ishirini, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Robert alikuwa akizichaji kwa umeme wa kanisa na kupokea chochote kutoka kwa wenyewe.

"Usimuambie Pasta," akaomba. "Batoto banakula."

"Simu zako hazinihusu. Funguo za chumba hiki ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu, na ya kwaya, juu piano yao inalala humu."

"Na jioni nani anakuwa hapa?"

"Banafunzi ba Bora. Na bantu ba kwaya bakingojea darasa liishe."

Havyarimana, mwenye masikio, alikuwa mgumu zaidi. Mrundi yule alikuwa mtu wa maneno machache, na karakana yake ilikuwa imefungwa juma zima lililopita. Sasa alikuwa na simu mpya mfukoni.

"Wiki ilopita ulikuwa wapi?"

"Lilongwe, soko la Mchesi. Nilienda kununua misumari."

Mama Générose akatazama huku na huku. Makopo yote ya misumari yalikuwa matupu. "Iko wapi?"

Fundi akashika randa, akaanza kulainisha ubao. Mtaani walikuwa wamekwisha anza kusema: Robert na Havyarimana, kwa nini sivyo? Mmoja alisikia, mwingine akaandika. Hata Mama Générose alilala na mawazo hayo.

Ijumaa alikwenda Lilongwe. Kibali cha kutoka kambini hakuwa nacho, na aliyetaka kumkamata amkamate, mdomo anao. Area 47 aliikuta ofisi ya kampuni nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye kampuni alikuwa Mayi Nachisale, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye Kiswahili chake alikiokota Tunduma akinunua bidhaa.

"Nyimbo zililetwa kwa barua pepe," akasema. "Anwani ni ya chumba cha kompyuta cha kanisa lenu. Mimi sikuiba, mama."

"Jina ya mutumaji?"

"Hakutia jina. Aliandika tu 'mtunzi'. Alisema jina atalileta mwenyewe siku ya sherehe ya uzinduzi, na anataka picha yake iwe mbele."

"Nionyeshe alichotuma. Si ile ya kwenye simu. Faili yenyewe."

Mayi Nachisale alishangaa kidogo kuona mama wa kanga akiomba XML, lakini alifungua. Yalikuwa mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la Bora vilevile, na lebo zake tisa tupu.

"Hili nilimrudishia," Mayi Nachisale akasema. "Mtengenezaji wangu alisema kuna nafasi tisa hazina kitu. Nikamwandikia, kazi yenye mapengo hatutoi, jaza. Alhamisi ya wiki iliyopita likaja la pili, limejazwa."

Katika faili la pili ule mkwaju wa mwishoni ulikuwa umeondolewa. Lebo ilikuwa imepasuliwa ikawa mbili, ya kufungua na ya kufunga, na katikati yalikuwa yamebandikwa maneno ya Rosette. Si kwenye wimbo mmoja tu. Zote tisa! Asukulu wangu, viatu vyako viko mlangoni, mara tisa, hivyohivyo, kama tangazo la sabuni.

Mama Générose akagonga kioo kwa ukucha. "Toa," akasema.

"Mama, kuna makubaliano..."

"Zikomo, asante kwa kunionyesha, lakini mi siongei makubaliano. Haya si mashairi. Mama mmoja aliyasema juu ya maiti ya mutoto wake. Toa!"

Mayi Nachisale akavua miwani, akasoma tena polepole, akaivaa. "Niletee jina la aliyetuma," akasema kwa sauti ya chini. "Nikilipata, yatatoka siku hiyohiyo. Na haya mafaili mawili chukua nakala."

Kabla ya kurudi alipitia Kanengo, ambako watu wa kambini hupata vibarua vya siri. Aliuliza kwenye maghala ya tumbaku kama kuna Mrundi mrefu asiyependa kuongea, na kwenye ghala la tatu msimamizi akacheka. Yuko, akasema, ni seremala hodari, juma zima lililopita alitengeneza vichanja na kulala hapohapo mpaka Jumamosi. Basi Alhamisi Havyarimana hakuwa Dzaleka. Alikuwa kibaruani bila kibali, ndiyo maana alikuwa akitafuna maneno, na simu mpya ilitoka kwenye ujira huo.

Njiani kurudi Mama Générose aliyapitia mazungumzo yote tangu siku ya kilio, neno kwa neno, kama alivyozoea kufanya Uvira. Alipofika kwenye neno moja la Jumanne alijipiga paja. "Mi ni mupumbavu!" akasema kwa sauti, mpaka abiria wa jirani akageuka.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Bora aliwekwa mbele, amesimama, mikono nyuma. Pasta Ezechiel alikuwa amekwisha fungua kinywa kusoma maneno ya kumtenga, pale Mama Générose aliponyanyuka kwenye benchi la akina mama na kwenda mbele bila kuitwa. Robert alimfuata na projekta.

"Pasta, utasoma. Lakini kwanza mi niko na swali kwa Ndugu Byamungu."

Kanisa likavuma. Byamungu akasimama, suti yake nyeusi imenyooshwa vizuri. "Uliza, Mama. Mi sina cha kuficha."

"Jumanne ulisema Bora ameacha nafasi ya mfiwa tupu kwa kila wimbo wa kilio. Ulisema?"

"Nilisema, na ninarudilia."

"Vizuri. Robert, weka wimbo kwa ukuta."

Ukurasa wa Bora ukatokea ukutani, mkubwa, kila mtu akausoma. Jina, beti, kiitikio.

"Tuonyeshe hiyo nafasi tupu," Mama Générose akasema.

Byamungu akaenda mpaka ukutani. Akatazama juu, akatazama chini. Kidole chake kikapanda, kikashuka. "Iko... iko hapa mwisho."

"Mwisho kuna nini? Bamama, munaona nafasi?"

"Hatuoni!" wakajibu.

"Weka wimbo mwingine, Robert. Ndugu, na huu? Uko wapi utupu wako?"

Jasho lilikuwa limemtoka Byamungu kipajini. "Iko ndani," akasema.

"Ndani wapi?"

Mama Générose akaashiria, na Robert akafungua faili lenyewe. Lebo zikatokea ukutani, pamoja na ile moja yenye mkwaju mwishoni.

"Iko ndani, ni kweli. Hapa. Lakini ili uione lazima ufungue faili yenyewe kwa mashine, na ujue kusoma lebo. Bora hakumuambia hata mutu. We ulituapia hujuake kuwasha mashine. Sasa uliiona na macho gani?"

"Robert alinionyesha! Robert na Havyarimana, bo njo..."

"Mi sikukuonyesha kitu!" Robert akafoka. "Ufunguo wa pili uko mufukoni mwako!"

Havyarimana akainuka nyuma kabisa. Kila mtu aligeuka, maana watu walikuwa hawajawahi kumsikia akisema kanisani. "Mama Générose ameniambia faili ilitumwa Alhamisi, na Alhamisi ile nilikuwa Kanengo," akasema. "Nilikuwa natumika bila kibali. Anayetaka kunipeleka kwa serikali anipeleke, lakini siwezi kubeba mzigo wa Byamungu."

"Ndani ya nyumba ya Rosette mulikuwa watatu," Mama Générose akaendelea. "Rosette hana habari ya mashine. Havyarimana alikuwa Kanengo. Nani amebaki, Ndugu?"

Rosette akaja mbele taratibu. Hakupiga kelele. "Byamungu, we njo ulinishika mukono siku ile. Kwa nini?"

Hapo Byamungu akakaa kwenye ngazi ya madhabahu. Alieleza kila kitu akitazama viatu vyake. Jioni alikuwa akikaa nyuma ya darasa la Bora akingoja piano, akasikia lebo na mikwaju mpaka akajua. Aliwaza: nyimbo nyingi humu nilizitunga mimi, tangu tukiwa mji wa Baraka kule Fizi, na nani ananijua? Huku kambini mimi ni namba tu ya mkimbizi. Kama Lilongwe wangeweka jina lake na picha yake, angejulikana. Aliingia kwa ufunguo wa kwaya na kutuma faili kwa anwani ya chumba, iliyokuwa wazi siku zote. Walipomwambia ajaze mapengo alikaa kutunga ubeti wa mfiwa, usiku wa siku mbili, asipate.

"Kila nikianza, ni ule wako tu ulinijia," akamwambia Rosette. "Ulikuwa muzuri kupita vyote nilivyotunga maishani mwangu."

"Haukuwa muzuri," Rosette akasema. "Ulikuwa wangu."

"Na Bora?" Mama Générose akauliza. "Alikukosea nini?"

"Dereva aliposoma niliogopa. Nilisema jina la kwanza lililokuja."

Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakitaka atolewe nje. Robert akaandika jina la Byamungu na kulituma kwa kampuni ya Area 47, kwa namba aliyopewa na Mama Générose, na kabla kelele hazijatulia dereva wa kabaza, aliyekuwa mlangoni, akainua simu yake kuonyesha kwamba ubeti umeondoka.

Pasta Ezechiel akakunja ile karatasi ya kutenga, akaiweka mfukoni. Akatabasamu kwa upole. "Bora, binti yangu, kanisa linakusamehe. Rudi mahali pako kwa kwaya."

Akina mama wakapiga vigelegele. Bora hakuondoka mahali pale.

"Munanisamehe nini?"

Vigelegele vikakatika.

"Pasta, nauliza. Munanisamehe kosa gani? Sikuiba. Sikuuzisha. Nilisimama kwa mikeka Jumanne, leo nimesimama hapa tangu asubuhi, na nyinyi bote mukiwa mumekaa. Hakuna hata mumoja aliniuliza: Bora, ni kweli? Mama Générose peke yake. Msamaha wenu sitaki, sina pa kuuweka."

"Binti yangu, sasa unataka nini?" Pasta akauliza.

"Nataka nyinyi muniombe mimi. Na muniombe mukiwa mumesimama, kama mulivyonisimamisha."

Mzee mmoja wa kanisa akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mama Générose akamgeukia na kumtazama mpaka akanyamaza. Rosette alikuwa amesimama tayari. Havyarimana vilevile. Kisha Pasta Ezechiel akashuka madhabahuni, akasimama mbele ya Bora, na sauti yake haikuwa ya mahubiri.

"Bora, nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe."

Mabenchi yakaanza kulia, moja baada ya jingine, watu wakiinuka. Mzee aliyenung'unika alichelewa, akijifanya kutafuta fimbo yake chini. Bora alimngojea, mikono nyuma, kidevu juu, mpaka naye akasimama.